Mwaka Tuliompaka Zena Rangi

Bi Mize alizikwa Jumatano baada ya adhuhuri, na sisi wanawake tukabaki katika nyumba yake ya Barabara ya Kumi na Tano, tumekalia mikeka, tukimkumbuka. Marehemu kwetu Tanga husemwa vizuri, lakini Bi Mize alikuwa mgumu kusemwa vizuri, na mtu wa kwanza aliyejaribu aliishia njiani akacheka. Mmoja akakumbuka alivyomrudisha muuza samaki mara tatu kwa sababu ya jicho la kolekole, mpaka yule mtu akamwachia samaki akaenda zake. Mwingine akakumbuka alivyokataa kuitikia shikamoo ya kijana aliyeitoa huku anatembea. Waliponigeukia mimi nilitikisa kichwa tu. Nilichokuwa nacho kilihitaji maneno mengi kuliko yanayofaa msibani, na ndicho ninachokiandika sasa.

Habari za wazazi wetu sitaziweka hapa. Inatosha kusema kwamba mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mdogo wangu Zena alikuwa na kumi na saba, na juu yetu hapakuwa na mtu. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili. Nilijifunza kazi ya kupaka hina, nikawa fundi, nikiitwa kwenye arusi za Ngamiani, Makorora na hata Raskazone. Tulipanga chumba cha mbele katika nyumba ya Bi Mize, mjane wa Kipemba aliyekaa Tanga miaka mingi bila kuacha kusema Kipemba chake. Kilikuwa na kitanda cha futi nne, kabati moja, sakafu ya saruji na dirisha linalotazama barabara. Chini ya dirisha palikuwa na baraza, na barazani walikaa wanaume waliokuwa wamefanya kazi viwandani kabla viwanda havijafungwa. Tulisikia kila neno lao. "Kile cha kule nacho kimeuzwa." "Kauziwa nani?" "Mwenye hela." "Ataka kukifanya nini?" "Ghala la mitumba." Kisha mtu anacheka, halafu wanacheka wote. Sisi tuliozaliwa katika miaka ya foleni za sabuni tulikuwa tumeona maduka yakijaa vitu ghafla, huku watu wa barazani wakizidi kuwa wengi. Hata hina ilikuja ya pakiti kutoka ng'ambo, ina picha ya bibi arusi, na iliwaka vizuri kuliko ile ya majani tuliyokuwa tukitwanga.

Zena alikuwa ameanza dozi mwaka uliotangulia, dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure hospitalini. Virusi alivipataje, wengi waliniuliza. Sikuwajibu, na hapa pia sitajibu. Alipoanza alikuwa mtu wa kubebwa kwenda chooni. Miezi michache ya vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni, ikamsimamisha. Akanenepa mashavu, akarudisha sauti yake ya kero, akaanza kunisahihisha Kiingereza changu cha kidato cha pili. Shule ilimpa ruhusa apumzike mpaka mwaka wa masomo uishe, na yeye alihesabu miezi. Nilidhani kazi imekwisha. Ndipo miguu ikaanza kuwaka.

"Dada, ni kama nimekanyaga majivu ya moto," aliniambia asubuhi moja, ameketi ukingoni mwa kitanda, nyayo amezikandamiza kwenye saruji apate ubaridi.

"Wapi?"

"Kote. Halafu hapa vidoleni sisikii kitu. Hebu nibinye."

Nikambinya kidole gumba kwa kucha.

"Bado hujabinya?" akauliza.

Nilishabinya. Nilisema bado, nikabinya tena.

Bi Mize alijua habari zetu bila kuambiwa, kwa sababu kuta za nyumba yake hazikufika darini na sauti zilipita juu. Alipomwona Zena uani anatembea kwa visigino aliniita. "Mtoto yuatembea kama kuku aliyefungwa mguu, na weye fundi wa hina wakaa wamtazama? Mie Pemba, msimu wa karafuu, nyayo zikiwaka twapaka hina, moto watoka." Sikuwa na dawa nyingine ya kubishana naye. Jioni ile nilikoroga hina nzito, bila mapambo, nikampaka Zena nyayo zote mpaka vifundoni na kumfunga vitambaa. Alipumua kama mtu aliyetiwa maji. Hina iliyobaki haitupwi, nikamjaza viganjani. Siku ya tatu nilimpaka tena, na wiki iliyofuata tena. Msichana ambaye hajaolewa kwetu hapakwi hina kiasi hicho, na baraza halikukosa kuona. "Mwari wa watu ana hina mpaka nyayo," nilisikia dirishani. "Anaolewa lini?" Zena alikuwa amelala kifudifudi, akainua kichwa. "Waambie bwana arusi anakuja mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni," akasema kwa sauti, "na hataki kucheleweshwa." Mimi nilificha uso kwenye mto nisisikike nikicheka.

Hina ilipoza, haikuponya. Kliniki alikuwako nesi mmoja Mbondei wa Muheza, Sista Benadeta, mama mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na sauti ya kuita ng'ombe. Alimgusa Zena nyayo kwa ncha ya kalamu, akamwita daktari, na daktari akaamua kubadilisha dawa moja katika zile tatu zilizomo ndani ya kidonge. Sista akatuweka kitako kutueleza. "Ile ya zamani inakula mishipa ya miguu, tunaitoa. Hii mpya nayo ina tabia yake, inaweza kumaliza damu. Mwantumu, kule nyumbani wewe ndiye macho yangu. Kila asubuhi mwangalie viganja, kucha na ulimi. Ukiona vyeupe, au akihema bila sababu, mlete siku hiyohiyo."

"Nimesikia, sista."

"Rudia."

Nikarudia neno kwa neno. Mimi ni mtu wa kufuata maagizo. Mpaka leo ndivyo nilivyo. Na sitaki msomaji adhani kwamba yaliyotokea yalitokea kwa uzembe. Nilimkagua mdogo wangu kila asubuhi ya Mungu, kabla sijanawa uso.

Miguu ikaanza kupoa taratibu, lakini hina hatukuiacha. Kwanza, aliipenda. Pili, dawa mpya ilimtia mistari myeusi kwenye kucha, kama mtu aliyemwagikiwa wino, na alisema watu watamuuliza. Nikampaka kucha zote kumi, na kila rangi ilipofifia niliirudishia. Dawa hiyo pia ilimtia kichefuchefu kibaya. Wali aliusukuma, uji aliutazama tu, na kitu pekee kilichomtuliza tumbo kilikuwa ubuyu wa Bi Mize. Bi Mize aliupika uani kwa sukari, pilipili manga, iliki na rangi nyekundu ya kijiko kizima, akaufunga kwenye vikaratasi na kuuzia watoto wa madrasa. Zena alimeza kidonge cha asubuhi, kisha akatia ubuyu mdomoni akaumung'unya kitandani. Mimi nikija na kuketi mbele yake nikasema, "Mikono," ananyoosha. "Ulimi," anatoa. Viganja vyekundu, kucha nyekundu, ulimi mwekundu. "Alhamdulillahi," nasema, naenda kuwasha jiko la mkaa.

Nimejiuliza mara nyingi imekuwaje fundi mzima nisione. Jibu ninalolipata ni kwamba nilikuwa nakagua kazi yangu mwenyewe na kuipenda. Hina ya viganja vyake ilikuwa imekolea, sawasawa, haina doa, na macho yangu yalipotua pale yaliona kilichoniridhisha. Dalili nyingine zilikuwepo, nikazipa majina. Alibeba ndoo nusu akaiweka chini katikati ya ua, nikasema joto. Alilala baada ya kufagia chumba kimoja; nikasema kazoea uvivu. Mara moja nilimwona amejilaza, na khanga kifuani inarukaruka kwa mapigo ya moyo. Nikamuuliza, akasema alikuwa anakimbia ndotoni, tukacheka. Nilimpeleka kliniki kwa tarehe yake. Siku hiyo mashine ya kupima wingi wa damu ilikuwa mbovu, wagonjwa wamejaa mpaka mlangoni, na Sista Benadeta akamshika mikono akaigeuzageuza. "Mh! Mikono ya bibi arusi hii. Nani fundi?" Zena akanielekeza kwa kidevu. "Na mimi utanipaka siku moja," sista akaniambia. Akatazama ulimi, akaukuta mwekundu, kwa sababu tulikuwa tumetoka nyumbani na kikaratasi cha ubuyu cha njiani. Akaandika kwenye kadi, akamwita anayefuata.

Ikaja Ramadhani. Zena hakuwa wa kufunga, lakini alisema hatatafuna ubuyu mbele ya waliofunga. Asubuhi ya kwanza nilikuwa nimelala tena baada ya alfajiri, nikaamka nimechelewa, nikamtazama viganja tu. Alasiri tulikuwa uani watatu tunatayarisha futari. Bi Mize anamenya muhogo, mimi nachambua samaki, Zena kakalia mbuzi anakuna nazi. Alikuna kidogo akapumzika, akakuna kidogo akapumzika, kisha akapiga mwayo mkubwa.

"Rudia," akasema Bi Mize.

"Nini, bibi?"

"Huo mwayo. Fungua domo."

Zena akafungua, anacheka. Bi Mize akatupa kisu kwenye sinia la muhogo, akamsogelea kwa magoti, akamshika kidevu. "Mwantumu! Njoo uone ulimi wa mwenzio."

Ulimi ulikuwa mweupe kama machicha yaliyokuwa kwenye ungo miguuni pake. Bi Mize akamvuta kope la chini. Na kule ndani, nyuma ya wanja, kulikuwa kweupe vilevile. "Mtoto hana damu huyu," akasema.

"Anayo, Bi Mize. Nimemkagua leo asubuhi."

"Umekagua nini?"

Nikauchukua mkono wa Zena ili nimwonyeshe. Nikakifungua kiganja, nikakinyoosha mbele ya Bi Mize kama mtu anayetoa cheti. Hapo ndipo nilipoelewa. Wote watatu tulikitazama kile kiganja. Msichana aliyekuwa anaishiwa na damu tulikuwa tumempaka rangi ya damu kila mahali ambapo mtu angetazama: mimi mikono na kucha, Bi Mize ulimi. Zena mwenyewe ndiye aliyetangulia kusema. "Huku kuchoka nilidhani ni kudeka," alisema polepole. "Dada, mimi nilidhani nadeka."

Tulikodi teksi kutoka sokoni. Bi Mize alipanda vidole vikiwa bado na utomvu wa muhogo, buibui kalitupia begani, akimfokea dereva kwenye kila shimo. Hospitalini walimtoa Zena damu ya kupima, kidogo sana, nami niliona kwamba hata ile ilikuwa nyepesi kwenye kichupa. Daktari aliporudi na karatasi hakueleza mengi. "Aongezewe leo," alisema. "Si kesho. Dawa ile tunaisimamisha. Ndugu wa kutoa damu ni nani?"

"Mimi," nikasema.

"Na mie," akasema Bi Mize.

"Bibi, umri wako umepita."

"Umri wangu umepita wapi? Watoto saba nimezaa kwa damu hii, hakuna aliyeniuliza umri!"

Walimtuliza kwa kumpa kiti. Mimi nikaingia chumba cha maabara, na mlangoni nikasimama. Damu ya kumpa mtu hupimwa kwanza, na katika miaka yote ile ya kumuuguza Zena mimi mwenyewe sikuwahi kupimwa. Niliogopa kwa sababu moja tu: tukiwa wagonjwa wawili, nani angekoroga uji? Nilikuwa nimejiwekea kwamba kutokujua ndiyo nguvu yangu. Sasa kijana wa maabara alikuwa ameshika sindano, ananisubiri, na nyuma yangu, kwenye machela, mdogo wangu alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima wa Amani. Nikakunja mkono wa gauni. Adhana ya magharibi ilisikika tukiwa bado tunangoja majibu; Bi Mize akatoa tende mbili kwenye pindo la khanga yake, tukafuturu bencheni kwa maji ya bomba. Kisha yule kijana akatoka, akaniita kando. "Dada, damu yako ni safi, na kundi linapatana. Njoo ulale." Nililala pale nikitazama mfuko unavyojaa, nikilia kwa furaha na kuionea aibu furaha hiyohiyo. Zena nilimwambia siku ya pili, nikitafuta maneno, naye akanikatiza. "Alhamdulillahi," alisema. "Mmoja wetu awe na miguu mizuri." Nimemsomea ukurasa huu kabla ya kuuandika upya, ana miaka yake arobaini kasoro, anameza kidonge kimoja kwa siku kisichomuunguza wala kumchefua, na alichonirekebisha ni hiki tu: hakusema miguu mizuri, alisema miguu inayofaa.

Sista Benadeta alikuja wodini asubuhi, si kazi yake kuja. Nilisimama nikamwambia yote kabla hajaketi, hina, kucha, ubuyu, na kwamba yeye alinipa macho yake nami nikayapaka rangi. Alivua miwani akaifuta. "Mimi ni mwanamke wa Muheza, nimeishi Tanga mjini miaka ishirini," alisema. "Najua hina ni nini. Niliiona nikaisifu, badala ya kumvuta kope. Basi tumekosa wawili." Kutoka upande wa pili wa kitanda Bi Mize akasema kwa hasira, "Na mie wa tatu," na aliporudi nyumbani alipika ubuyu mweupe, bila chembe ya rangi, na watoto wa madrasa wakausonya mpaka Idi. Sijui kama kuna siku nimewapenda watu kama nilivyowapenda wale wawili. Wangeweza kunilaumu, na haki wangekuwa nayo. Walinibebea sehemu ya mzigo ule kana kwamba ulikuwa wao tangu mwanzo.

Likabaki suala la dawa. Daktari alieleza kwamba kwa wakati ule njia zilikuwa chache: kuirudia dawa ya zamani kwa kipimo kidogo, na miguu huenda ikawaka tena, au kungojea nyingine ambayo hakujua itafika lini. Nilifungua mdomo nijibu. Zena akaweka mkono wake juu ya wangu. "Irudi ya zamani," alisema. "Miguu ikiwaka nitajua ipo. Damu ikiisha sijui." Daktari akanitazama mimi kama mkubwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwachia Zena neno lake, na nikiri kwamba liliniuma kulimeza. Miguu kweli ilirudi kuwaka, si kama mwanzo, nasi tukarudi kuipaka hina, nyayo tu.

Tulikwenda kliniki baada ya Idi. Benchi la wanawake lilikuwa limejaa, mabuibui na vilemba na mikoba, na Sista Benadeta akatokea mlangoni akapiga makofi. "Sikilizeni! Kuanzia leo hapa sitazami mikono ya mtu. Mwenye hina, mwenye rangi ya kucha, asinionyeshe. Siku ya kliniki ubuyu hakuna, kashata za rangi hakuna. Nataka kope na ulimi. Ulimi nje, wote!"

"Yallah," akasema mama mmoja, "na sie watu wazima hivi?"

"Nje!"

Mmoja akatoa, jirani yake akamtazama akaangua kicheko, na kicheko kikapita benchi zima, mpaka wanawake kama ishirini, ambao kwa kawaida tulikaa pale tumeinamisha nyuso tusijuane, tukawa tunaonyeshana ndimi kama watoto. Sista akapita na kurunzi yake. Alipofika kwa Zena alikaa zaidi. Mimi nilijisogeza nione. Ulimi wa mdogo wangu ulikuwa mwekundu, wa kwake mwenyewe. Nadhani nilitoa sauti, kwa sababu sista aliinua kichwa.

"Na wewe."

"Mimi si mgonjwa, sista. Nimemsindikiza."

"Nimekuuliza?"

Akanishika kidevu, akanivuta kope kwa kidole gumba chake chenye baridi, akatazama. Hakuna mtu aliyekuwa amenishika uso kwa miaka mingi. "Tangu utoe damu, unakula nini?" Nikaanza kutafuta jibu la heshima. Zena hakuningoja. "Hali," alisema. "Anapakua, ananiambia ameshiba, sahani ananisukumia mimi. Hata jana."

"Mpeleke kantini," sista akamwambia Zena, si mimi. "Usimwondoe mpaka amalize. Kadi yako nitaishika hapa."

Zena akanyanyuka, akanishika mkono, akanitoa nje kwa hatua zake za tahadhari. Kule kantini aliniagizia chapati mbili na maharage ya nazi, akaniwekea mbele, akaketi upande wa pili wa meza, viwiko juu ya mbao. Nikamega. "Mwenyewe huli?" nikamuuliza. "Zamu yako," akasema, akaendelea kunitazama mdomo, tonge baada ya tonge, kwa makini ya mtu aliyepewa kazi na anayetaka kuifanya vizuri.